Kura Hupigwa Siku Moja: Ya Kutayarisha Kabla ya Agosti 10, 2027

Kutoka Kachibora na Sibanga hadi Kiminini na Chwele, wasomaji wanarudia swali moja: "Siku ya uchaguzi sitakuwa nyumbani. Naweza kupiga kura yangu mapema?" Wengine wana ndugu Marekani aliyewaambia kwamba amepiga kura majuma mawili kabla ya siku yenyewe. Wengine wamesikia kwamba Zanzibar kuna kura ya mapema.

Yote mawili ni kweli. Zanzibar, watumishi wa uchaguzi na askari walio kazini hupiga kura siku moja kabla ya wengine. Walifanya hivyo Oktoba 27, 2020, na tena Oktoba 28, 2025. Kwetu Kenya utaratibu huo haupo. Katiba inasema uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mara ya mwisho ilikuwa Agosti 9, 2022, na inayofuata ni Agosti 10, 2027. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, nawe utapiga kura katika kituo kimoja tu, kile chenye jina lako. Hatuna kura ya posta wala ya simu, na huwezi kumtuma mtu akupigie. Akija mtu kukwambia anaweza "kukupangia" kura yako mapema, jua anataka nambari ya kitambulisho chako kwa shughuli yake mwenyewe.

Kinachoweza kufanywa mapema ni matayarisho, na hapo ndipo kura nyingi hupotea. Mtu hufika kituoni Jumanne asubuhi na moyo wake wote, kumbe mambo yaliharibika Mei.

## Kwanza, amua utapigia wapi

Trans-Nzoia yetu ni kaunti ya wahamiaji. Kuna mwalimu wa Motosiet aliyejiandikisha Webuye alipokuwa chuoni, kibarua wa shamba la mahindi ambaye kwao ni Kimilili, mama aliyeolewa Suwerwa huku jina lake likiwa bado katika shule ya msingi ya kwa wazazi wake. Wote hao wanaishi hapa, lakini kwa sheria kura zao ziko kwingine.

Una njia mbili tu:

- Kuhamisha kura uje kupigia unapoishi.
- Kusafiri mpaka ulikojiandikisha.

Ushauri wangu: kama umeishi hapa miaka kadhaa, watoto wako wanasoma hapa na barabara mbovu unayolalamikia ni ya hapa, hamisha. Mwakilishi wadi wa Kimilili hatakujengea daraja Sitatunga. Lakini kama una shamba na familia kule, na huku uko kwa kazi ya msimu tu, bakia huko na upange safari. Usichague kusafiri kwa uvivu wa kwenda ofisini. Wiki ya uchaguzi nauli ya Kitale kwenda Webuye au Bungoma hupanda, magari hujaa kuanzia Jumamosi, na siku yenyewe matatu huwa chache kwa sababu madereva na makondakta nao wana kura za kupiga. Anayepanga kuondoka Kitale Jumanne alfajiri anabahatisha.

Kuna wanaofikiri wanaweza kujiandikisha upya hapa bila kugusa usajili wa zamani. Usifanye hivyo. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na alama za vidole vyako ziko kwenye mfumo tayari. Unachohitaji ni kuhamisha.

## Tarehe za kuandika ukutani

- Mei 12, 2027. Sheria ya Uchaguzi inataka ombi la kuhamisha kura lifike angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Agosti 10, unaangukia hapo.
- Juni 11, 2027. Usajili wa wapiga kura husimama siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu.
- Siku 30 za kukagua daftari. Kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi (IEBC) hufungua daftari ili wananchi wathibitishe majina na alama zao. Wengi huzipuuza siku hizo 30, na nitaeleza baadaye kwa nini wanakosea.
- Saa 48 za mwisho. Kampeni hukoma. Anayekuita kwenye mkutano wa siasa Jumatatu ya Agosti 9 anavunja sheria.

Hizo ni tarehe za mwisho kabisa kwa mujibu wa sheria. Tume inaweza kutangaza kufunga shughuli zake mapema kuliko hapo ili ipate nafasi ya kusafisha daftari. Na ukisubiri juma la mwisho utakuta foleni imezunguka ofisi.

## Kujiandikisha na kuhamisha

Tume ya IEBC ilifungua upya usajili wa kuendelea Septemba 29, 2025. Huna haja ya kungoja kampeni ya usajili ifike sokoni kwako. Fanya hivi:

1. Nenda mwenyewe katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge unakotaka kupigia kura. Trans-Nzoia ina maeneo bunge matano: Cherangany, Kwanza, Endebess, Saboti na Kiminini. Sisi wa Kachibora tuko Cherangany.
2. Beba kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ya Kenya iliyo hai. Nakala haitoshi, wala picha kwenye simu.
3. Sema wazi unataka nini: kujiandikisha kwa mara ya kwanza, au kuhamisha.
4. Taja kituo unachotaka, kwa jina la shule. Kosa la kawaida ni kutaja wadi au kijiji peke yake, halafu karani akakuweka shule iliyo ng'ambo ya mto.
5. Kabla hujaondoka, soma kwenye kioo au kwenye fomu: jina, nambari ya kitambulisho, kituo. Herufi moja ikikosewa, irekebishwe hapo hapo.
6. Hifadhi karatasi ya uthibitisho. Siku ya kura haitadaiwa, lakini itakusaidia jina likipotea.

Usajili husimamishwa pia mahali penye uchaguzi mdogo. Watu wa wadi ya Chwele/Kabuchai kule Bungoma wanalijua hilo, maana walikuwa na uchaguzi wao Novemba 27, 2025. Ukisikia uchaguzi mdogo unakuja kwenu, jua dirisha hilo hufungwa kwa muda.

## Kitambulisho ndicho mlango

Siku ya uchaguzi utaonyesha hati ile ile uliyojiandikishia. Ulitumia kitambulisho? Njoo na kitambulisho. Ulitumia pasipoti? Njoo na pasipoti. Karatasi ya kungojea kitambulisho haikubaliwi, wala taarifa ya polisi ya kupotelewa, wala leseni ya udereva.

Kwa hiyo:

- Kimepotea? Chukua taarifa ya polisi na uombe kingine sasa. Julai ofisi za usajili wa watu hufurika.
- Umeshatimiza miaka 18 na huna? Anzia kwa chifu na ofisi ya usajili wa watu, na vitambulisho vya wazazi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho kikitoka ndipo utaenda IEBC. Ni safari mbili, na vijana wengi huishia ya kwanza wakidhani wamemaliza.
- Kiko kwa mwenye duka kama rehani ya deni? Kikomboe. Nimesikia habari hii mara nyingi mno vijijini kwetu, na inaniuma. Mkopo wa unga haufai kugharimu kura ya miaka mitano.

## Kagua jina lako, hata kama ulipiga kura 2022

Hapa ndipo msomaji huniuliza: "Nilipiga kura mwaka 2022 bila shida, nikague nini tena?"

Kagua kwa sababu mipaka ya vituo hubadilika. Kituo kimoja hakiruhusiwi kuzidi wapiga kura 700, basi shule inayosajili watu wengi hugawanywa katika vyumba, tunavyoviita mikondo. Uliyekuwa chumba cha pili unaweza kujikuta cha nne. Kagua pia kwa sababu majina yamewahi kuhamishwa bila wenyewe kujua, na hilo likigunduliwa ndani ya zile siku 30 linarekebishika. Likigunduliwa Agosti 10 halirekebishiki.

Andika mambo matatu kwenye kipande cha karatasi na ukikunje pamoja na kitambulisho: jina la shule, nambari ya mkondo, na jinsi jina lako lilivyoandikwa. Hilo la mwisho si dogo. Karatasi inayobandikwa mlangoni mwa darasa huonyesha herufi za kwanza na za mwisho za mkondo ule. Kwetu, kina Wafula, Wanjala, Wanyonyi na Wekesa peke yao wanaweza kujaza darasa, na kina Cherop, Chebet na Cheruiyot wakajaza la pili. Mtu anayejijua kama Nekesa, huku daftari likianza na jina lake la ubatizo, anaweza kusimama saa mbili kwenye mstari ambao si wake. Nakuomba usisimame kwenye mstari wowote kabla hujasoma mlango wake.

## Jumatatu jioni na Jumanne asubuhi

Agosti kwetu ni mvua. Mahindi yako shambani, na njia za kushuka kutoka milima ya Cherangany huwa tope tupu. Bodaboda aliyekupeleka sokoni Julai kwa shilingi mia atakataa njia hiyo hiyo baada ya mvua ya usiku. Jumatatu jioni:

- weka kitambulisho kwenye mfuko wa nguo utakayovaa kesho;
- toa gambuti na mwavuli;
- kubaliana na jirani zako mtatembea pamoja saa ngapi;
- kama unafanya kazi ya zamu (ulinzi, hospitali, matatu), panga na mwenzako nani aende asubuhi na nani mchana. Agosti 9, 2022 ilitangazwa kuwa sikukuu, lakini lango la hospitali halina sikukuu.

Usivae fulana, kofia wala leso yenye rangi au picha ya chama. Utarudishwa, na itakubidi utembee tena.

Saa nzuri ni ipi? Alfajiri foleni ni ndefu lakini inasonga. Alasiri ni fupi, ila mvua za hapa hupenda saa nane na saa tisa. Mimi humshauri kila mtu aende asubuhi, kwa sababu likitokea tatizo bado una siku nzima ya kulitatua. Ukichelewa, usikate tamaa njiani: aliye kwenye foleni saa kumi na moja jioni ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia. Na kituo kilichochelewa kufunguliwa huongezewa muda uliopotea. Kwa hiyo usiondoke mstarini kwa sababu mtu amepita akisema "wamefunga." Ondoka pale tu msimamizi wa kituo mwenyewe atakaposema.

## Mashine ikikataa vidole vyako

Hofu hii ni ya kweli kwa wakulima. Aliyeshika jembe miaka thelathini, vidole vyake vimesagika na vimepasuka, na mtambo wa kutambua wapiga kura, KIEMS, hauvisomi. Sheria inalijua hilo. Hatua ni hizi:

1. Nawa mikono nyumbani na uifute ikauke. Udongo kwenye mipasuko huuchanganya mtambo.
2. Kidole kimoja kikikataa, omba kujaribu kingine. Uliandikishwa kwa vidole vyote.
3. Vyote vikikataa, karani atakutafuta kwa nambari ya kitambulisho. Jina na picha yako vikionekana, fomu inayoitwa 32A itajazwa mbele ya mawakala wa vyama, na utapiga kura.
4. Mtambo wenyewe ukifa na usipatikane mwingine, tume inaweza kuruhusu daftari la karatasi. Ilifanya hivyo Agosti 9, 2022 katika vituo vya sehemu za Kakamega na Makueni.

Kwa hiyo, "mashine imekukataa, nenda nyumbani" si jibu. Mwombe msimamizi wa kituo, kwa heshima na kwa sauti ya kawaida, afuate hatua zilizobaki. Mawakala wa vyama wamekaa pale na wanasikia.

## Karatasi sita

Utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike, mwakilishi wadi. Kila moja ina rangi yake, na kila sanduku lina kifuniko cha rangi hiyo.

Kabla ya kutia alama, soma juu ya karatasi. Je, ni eneo bunge lako? Picha na majina ni ya wagombea unaowajua? Majirani zetu wa Kacheliba na Pokot Kusini, kaskazini mwa Kitale, hawakumchagua mbunge wao Agosti 9, 2022 kwa sababu karatasi zilikuwa na makosa. Walirudi vituoni Agosti 29. Ukiona kasoro, sema kabla hujaandika chochote.

Makosa yanayoharibu kura:

- kutia alama kwa wagombea wawili;
- kuweka alama kwenye mstari kati ya visanduku viwili, isijulikane ni ya nani;
- kuandika jina lako, nambari ya kitambulisho au sahihi;
- kukunja karatasi wino ukiwa mbichi, alama ikajipiga upande wa pili;
- kutumbukiza karatasi kwenye sanduku la rangi nyingine.

Alama yoyote iliyo wazi, ndani ya kisanduku kimoja, inatosha. Na ukikosea, usitumbukize. Rudisha karatasi kwa msimamizi, mweleze, upewe nyingine. Wengi huona aibu na kutumbukiza hivyo hivyo. Mwaka 2022 kura za urais 113,614 zilikataliwa nchini, na hiyo ni karatasi moja tu kati ya sita.

Usipige picha ya karatasi yako. Anayekudai picha ndipo akulipe anataka kununua siri ambayo sheria imekupa wewe peke yako.

## Kukhu, kogo, na mama mwenye mtoto mgongoni

Wazee (kina kukhu na kogo), wagonjwa, wajawazito, wenye watoto wachanga na watu wenye ulemavu hupita mbele. Hawahitaji kuomba radhi. Kama uko karibu na lango na umemwona nyanya ameegemea mkongojo nyuma ya foleni, mwite mbele na umwambie askari.

Asiyeona au asiyejua kusoma anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe. Masharti:

- msaidizi awe ametimiza miaka 18;
- asiwe mgombea wala wakala;
- amsaidie mtu mmoja tu katika uchaguzi huo, na ajaze fomu ya kiapo.

Akija bila mtu, msimamizi wa kituo atamsaidia mbele ya mawakala, na hapo mawakala watasikia anamchagua nani. Ndiyo maana nasema mapema: nyumba yenye wazee wawili wasiosoma inahitaji wasaidizi wawili. Kaeni Jumapili mpange. Na wewe msaidizi, weka alama pale alipokwambia, hata kama umeshindana naye juu ya mgombea huyo tangu Krismasi.

## Hela, vitisho na vitambulisho

Hongo ya uchaguzi ina adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni mbili, au kifungo kisichozidi miaka sita, au vyote viwili. Ni kosa kutoa na ni kosa kupokea. Najua atakayeniambia, "Nitakula yao, kura nipige yangu." Wanaotoa wanalijua jibu hilo, na ndiyo maana siku hizi wengine hawaombi ahadi yako. Wanaomba kitambulisho "wakushikie" mpaka Jumatano. Usikitoe mkononi mwako kwa mtu yeyote, awe mgombea, tajiri wako au mume wako.

Ukitishwa kwamba watu wa kabila fulani wasije kituoni, usilikuze jambo hilo kwa kulisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Peleka kwa chifu, polisi au ofisi ya IEBC, pamoja na jina na mahali.

## "Kura yangu moja itabadilisha nini?"

Tazama hesabu ya 2022. Tofauti kati ya mshindi wa urais na aliyemfuata ilikuwa kura 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Gawanya, na utapata kura tano hivi kwa kila kituo. Watu watano ni nyumba moja ya kwetu Kachibora. Na kwa mwakilishi wadi, ambaye ndiye anayepigia kura bajeti ya zahanati na barabara yako ya kijijini, hesabu huwa ndogo zaidi.

## Ukishapiga

Nenda nyumbani, upike, upumzike. Kukaa langoni hakulindi kura, kunaongeza msongamano tu. Kura huhesabiwa mle mle chumbani, mbele ya mawakala, zile za urais kwanza. Matokeo ya urais huandikwa kwenye fomu 34A, na nakala hubandikwa mlangoni pa kituo. Mahakama ya Rufaa iliamua Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho kwa kituo kile. Ukirudi Jumatano asubuhi unaweza kuisoma fomu hiyo, kuipiga picha, na kuilinganisha na ile iliyowekwa kwenye tovuti ya tume, kama ilivyofanyika 2022.

Mwenyekiti wa tume ana siku saba za kutangaza matokeo ya urais. Mwaka 2022 ilichukua kutoka Agosti 9 hadi Agosti 15. Siku hizo ni za kawaida kisheria, basi msiache palizi wala duka kwa sababu redio imenyamaza.

Kama hujajiandikisha, au kura yako bado iko Webuye nawe unalala Kachibora, ofisi ya IEBC hufunguliwa siku za kazi. Nenda wiki hii, na umpeleke kijana mmoja wa nyumbani aliyepata kitambulisho juzi.